Kelele Zikikutana na Fikira

Mara ya kwanza nilidhani nimesinzia tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikisomea ukarani katika chuo kidogo cha wasichana mjini Nairobi, orofa ya juu ya duka la vitambaa. Darasa letu lilitenganishwa na chumba cha taipu kwa ukuta wa mbao. Upande wa pili wasichana wa mwaka wa kwanza walikuwa wakipiga mashine zile nzito za chuma wote kwa pamoja, na mwalimu wao akigonga meza kwa rula ili waende sawa. Upande wetu tulikuwa tukijifunza hati mkato. Mwalimu anasoma barua kwa kasi, nasi tunaiandika kwa vile vialama vidogo vinavyofanana na kucha zilizokatwa, kila sauti na alama yake. Kazi ile haikuruhusu akili kutembea. Sikio linashika neno hili wakati mkono ungali unaandika neno la nyuma yake, na kichwa kinalibeba la katikati lisianguke.

Siku hiyo mwalimu alianza barua kwa maneno ya kawaida ya kumshukuru mteja. Nikaandika. Kisha nikasikia wasichana wakiweka penseli chini, na barua imekwisha. Katikati hapakuwa na kitu. Sisemi palikuwa na giza, maana hata giza mtu huliona. Kwenye karatasi yangu alama zilikwenda vizuri hadi nusu ya mstari, halafu penseli ilikuwa imechora mchirizi mrefu uliotoka nje ya karatasi na kuendelea juu ya meza.

Rafiki yangu aliyekaa kando yangu, msichana wa Kaloleni mwenye mdomo mwepesi, aliniinamia.

"Wee, niaje? Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Mkono wako umerukaruka kama kuku amechinjwa. Nimekuita, unaniangalia tu kama hunijui."

Nilicheka. Nikamwambia sikulala vizuri. Lakini mikono yangu ilikuwa baridi, na nilipoinua penseli niliona kidole gumba cha kulia kikishtuka peke yake, mara moja, kama mtu aliyeguswa usingizini.

Niliogopa tangu dakika hiyo, na nilijua ninachokiogopa. Kijijini kwetu magharibi palikuwa na mama mmoja aliyekuwa na kifafa. Alianguka jikoni kwake, mkono ukaingia motoni. Waliokuwepo walisimama mlangoni wakipiga mayowe, wala hakuna aliyemvuta, kwa sababu watu wa kwetu waliamini ukimgusa aliyeanguka huku povu limemtoka mdomoni, ugonjwa unahamia kwako. Nilimwona nilipopelekwa likizo nikiwa mdogo. Mkono wake ulikuwa umejikunja kama jani lililokauka. Alikula peke yake nyuma ya nyumba, na bakuli lake halikuoshwa pamoja na mengine. Nilimuuliza bibi kwa nini, akanizaba kofi la mdomo.

Sikumwambia mtu yeyote.

Nyumbani kwetu kulikuwa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa fundi katika karakana, akigongea misumari ya chuma kwenye matangi ya injini za mvuke tangu ujana wake. Kazi hiyo ilimpa nyumba, ikatusomesha, ikamla masikio. Hakuwa kiziwi kabisa, ila alisikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Kwa hiyo redio yetu ilipofunguliwa ilifunguliwa hadi mwisho. Majirani hawakulalamika, kwa sababu wao pia walikuwa na redio zao, watoto wao, na waume waliotoka karakana ile ile wakizungumza kwa kupayuka. Nyuma ya nyumba mabehewa yalisukumwa na kugongana mchana kutwa. Nilizaliwa ndani ya kelele hizo. Sikuwahi kuziona kama kitu, kama vile samaki asivyoyaona maji.

Sasa nilianza kuziona. Jioni nikikaa mezani na kitabu changu cha hati mkato, huku taarifa ya habari ikinguruma na mama akimwambia baba jambo kwa sauti ya juu ili amsikie, nilihisi kitu cha ajabu. Kelele zote zilipoteza umbali wake. Behewa la mbali, redio ya karibu, kijiko ndani ya kikombe, zote zikawa na ukubwa mmoja na kusimama mahali pamoja, nyuma ya macho yangu. Ndipo kidole gumba kinashtuka. Nikifunga kitabu haraka, hali inapita. Nikikazana kuendelea, ninajikuta nimeinamia ukurasa wenye mate, na sijui muda gani umekwenda.

Nikajifunza hila. Nikawa nasoma nimeshika kichwa kwa mikono yote miwili, ili nikienda ionekane ninafikiri. Mama alinisifu kwa majirani kwamba siku hizi nimekuwa na bidii. Chuoni nilikaa nyuma, karibu na dirisha. Rafiki yangu wa Kaloleni hakusema tena neno, lakini nilimwona akinitazama mkono, si uso. Niliota nikila nyuma ya nyumba.

Ningeendelea kuficha kama si mtoto wa dada.

Dada yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi za zamu, na mwanawe wa kiume, ambaye bado alitembea kwa kushika kuta, alishinda kwetu. Jumamosi moja mchana mama alikuwa ameenda sokoni. Baba alikuwa chumbani akisikiliza mpira, na mtangazaji alikuwa amepandisha sauti kama mtu anayekimbizwa. Mimi nilikuwa uani nikimwogesha mtoto ndani ya karai, karibu na mlango wetu. Maji ya karai yalikuwa yamepoa, kwa hiyo niliinua sufuria ya maji ya moto kutoka jikoni ili niyaongeze kidogo.

Mtihani ulikuwa umekaribia, nami nilikuwa na mazoea mabaya ambayo mwalimu mwenyewe alitushauri tuyafanye: kila neno unalolisikia, liandike kichwani kwa hati mkato. Mtangazaji alikuwa akitupa maneno, nami nikawa nayageuza kuwa alama. Pasi. Winga. Anageuka. Anapiga. Nilikuwa nikimfuata kwa kasi niliyojivunia. Mwanamke wa jirani alikuwa akitwanga, mabehewa yakagongana, watu wa redioni wakapiga kelele za bao.

Nilichosikia baadaye ni kilio cha mtoto.

Nilikuwa nimesimama. Mikono yangu ilikuwa mbele yangu, imekunja vidole kama imeshika kitu, lakini haikushika kitu. Sufuria ilikuwa imelala kifudifudi kwenye saruji na mvuke ulikuwa ukipanda kutoka sakafuni. Maji ya moto yalikuwa yamepita kando ya karai, karibu kiasi kwamba sabuni iliyowekwa chini pale ilikuwa ikiyeyuka. Mtoto alikuwa ndani ya karai, mzima, akilia kwa hofu.

Baba alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Alikuja, akamtoa mtoto majini, akamgeuza huku na huku akimkagua miguu, mgongo, kichwa. Kisha akanitazama. Baba yangu alikuwa mtu wa kupayuka, lakini siku hiyo alizungumza chini kwa chini hata nikadhani ni mtu mwingine.

"Nimekuita. Nimekuita kwa jina lako. Ulikuwa unanitazama."

Nikakaa chini kwenye maji yale, na ndipo nilipojua kwamba yalikuwa bado moto.

Mama aliporudi, baba alimweleza. Mama aliweka kikapu chini na kufunga mlango. Makongeni mlango haufungwi mchana. Ukifungwa, majirani wanajua kuna msiba au kuna mtu anachapwa.

"Tangu lini?" aliniuliza.

Nikamwambia.

"Nani mwingine anajua?"

"Rafiki yangu wa chuo. Labda."

"Umetoa povu?"

"Sijui, mama. Mimi huwa sipo."

Maneno hayo, kwamba mimi huwa sipo, yalimtisha kuliko yote. Alishika mdomo. Mimi nilibeba jina la mama yake, na kwa mila ya kwetu alizoea kuniita "mama". Siku hiyo aliniita hivyo tena, ila kwa sauti ya mtu anayemwita aliyekufa. Alimwambia baba kwamba dada asielezwe kwanza, na kwamba mimi nisiachiwe mtoto, wala moto, wala kisu. Alisema mbele yangu, kwa upole, lakini niliona maisha yangu yakifungwa mlango mmoja baada ya mwingine.

Kabla ya hospitali, tulijaribu maombi. Mama alikuwa katika kundi la akina mama wa kanisa letu, wale waliovaa kanzu nyeupe na vitambaa vyenye msalaba. Walikuja alasiri ya katikati ya wiki, wakajaa chumba chetu, na ngoma yao. Mimi niliwapenda wanawake wale. Walinibeba nikiwa mchanga. Lakini walipoanza kuimba, na ngoma ikaanza kupigwa ndani ya chumba kile kidogo, niliona kelele zikipoteza umbali, nikaanza kutetemeka. Walifurahi. Waliona ni dalili kwamba kitu kimeguswa.

Kiongozi wao, mama mnene mwenye macho mazuri, alinishika mabega. "Sasa sema zaburi," akaniambia juu ya ngoma. "Ile uliyojifunza utotoni. Sema kwa moyo wote, neno kwa neno, usikosee. Pepo akikuzuia, msukume."

Nilianza. Nilijua zaburi ile kama ninavyojua jina langu, lakini katika ngoma ile kila neno lilikuwa lazima nilitafute, nilivute, niliweke mahali pake. Nilifika kwenye mstari wa pili. Kidole kikashtuka. Nikataka kusema, "Ngojeni."

Niliporudi, ngoma ilikuwa kimya. Nilikuwa sakafuni kwa mara ya kwanza, na ulimi ulikuwa na ladha ya damu. Wanawake wote walikuwa wameegemea kuta, wamebanana, kana kwamba chumba kimeingiwa na nyoka. Mmoja alikuwa akifuta mikono yake kwenye kanzu, akifuta na kufuta. Nilimtazama akifuta mate yangu, na hofu yake iliniingia mimi zaidi ya ugonjwa wenyewe. Ni kiongozi peke yake aliyebaki amepiga magoti karibu nami, ingawa naye midomo ilikuwa ikimcheza.

"Mama," akamwambia mama yangu, "mimi nimeomba, na nitaendelea kuomba. Lakini huyu mpelekeni hospitali."

Baba aliomba ruhusa karakana akanipeleka hospitali kubwa ya serikali. Tulikaa kwenye benchi na watu wengi. Tulipoingia, daktari alikuwa mtu wa makamo kutoka Pwani, na Kiswahili chake kilitufanya mimi na baba tuone haya kwa kile chetu cha Nairobi. Baba alimweleza kwa kupayuka, daktari naye akawa anajibu kwa kupayuka ili asikike, na wagonjwa wa nje nadhani waliisikia habari yangu yote. Daktari aliandika, akanipiga nyundo ndogo magotini, akasema nitahitaji kupimwa ubongo.

Nyumbani mama alinifumua nywele kimya kimya, kwa sababu tuliambiwa nije bila kusukwa. Alikuwa akilia nyuma yangu. Matone yalinidondokea shingoni.

Chumba cha kipimo kilikuwa na mlango mnene na hakikuwa na dirisha. Walinilaza kwenye kitanda chembamba, wakanipaka kichwani dawa nzito yenye harufu ya gundi, wakabandika nyaya, moja baada ya nyingine, hadi nikahisi kichwa changu ni mti ulioota mizizi upande wa nje. Nyaya ziliingia kwenye mashine, na mashine ilikuwa na safu ya kalamu zilizogusa karatasi ndefu iliyotembea yenyewe. Nilikuwa nimesikia Makongeni kwamba hospitalini watu hutiwa umeme kichwani, wakatoka hawakumbuki hata mama zao. Nikaanza kulia.

"Mwanangu," daktari alisema, "hii haitii kitu. Inasikiliza tu. Ubongo una umeme wake mdogo tangu tumboni, na hizi kalamu zinauandika."

"Zinaandika ninachofikiri?"

"Laiti zingeweza. Zinaandika kwamba unafikiri. Nini, hiyo ni siri yako."

Walizima taa. Mlango ulipofungwa, kukawa na kimya ambacho sikuwahi kukisikia maishani. Kalamu tu zilikuwa zikikwaruza. Walinimulika mwanga uliowaka na kuzimika. Walinifanya nivute pumzi kwa nguvu hadi midomo ikafa ganzi. Hakuna kilichotokea. Daktari aliinua karatasi, akaipitisha mikononi mwake, akatikisa kichwa.

"Yote shwari."

Mngedhani nilifurahi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa nyaya. Kama mashine haikuona kitu, basi wale waliosema ni pepo walisema kweli, na pepo huyo alikuwa mwerevu, alijua kujificha penye madaktari.

Labda daktari aliliona hilo usoni pangu. Hakuziondoa nyaya. Alivuta kiti akakaa.

"Nieleze tena. Kila mara ilipokupata, palikuwa na nini?"

Nikamweleza: taipu za chumba cha pili na barua ya kuandika. Redio nyumbani na kitabu. Mpira na zile alama za kichwani. Ngoma na zaburi.

"Ukiwa unafua nguo na redio inalia?"

"Hapana."

"Ukiandika barua za chuo mahali penye kimya?"

Ilibidi nifikiri. "Sijawahi kukaa mahali penye kimya," nikamwambia. "Hapa ndiyo mara ya kwanza."

Kisha akatoka, akarudi na redio ndogo, trei ya chuma na kijiko kikubwa, vitu ambavyo nadhani alivichukua chumba cha wauguzi, na nyuma yake alikuja baba. Aliiweka redio pale ambapo hakuna stesheni, ikawa inatatarika kama mafuta ya kukaanga, akaipandisha hadi mwisho. Akampa baba trei na kijiko, akamwambia kwa kupayuka:

"Mzee, wewe ni fundi wa vyuma. Ipige hii kama uko kazini."

Baba aliitazama trei, akanitazama mimi na mizizi yangu. "Unataka nimwangushe mwanangu?"

"Nataka tumwone anayemwangusha. Yuko kitandani, mimi niko hapa, dawa ziko tayari. Hakuna mahali salama zaidi ya hapa."

"Piga, baba," nikasema.

Akapiga. Alipiga kama anayeomba radhi, daktari akamwonyesha kwa mkono aongeze, akaongeza. Chumba kilijaa mlio. Mimi nililala tu, nikingoja, nikikitazama kidole changu. Hakikushtuka. Daktari akamwashiria baba aache, akaizima redio. Akanipa hesabu: kutoka mia moja nitoe saba, nitoe saba tena, niendelee kushuka. Nilishuka katika kimya, taratibu, nikikosea hapa na pale, hadi akaniambia basi.

"Sasa vyote viwili," akasema.

Sijui kama nimewahi kuogopa hivyo tena. Nilijua inakuja. Ni kama kusimama kwenye reli ukiliona gari la moshi, nawe ndiye unayeliita. Redio ikatatarika, baba akapiga trei, nami nikaanza kushuka. Tisini na tatu. Themanini na sita. Kila namba ililazimika kupita katikati ya vyuma. Sabini na tisa. Kelele zikapoteza umbali. Niliona kidole gumba kikiruka, nikamtafuta baba kwa macho, nikaona kijiko chake kinapanda.

Niliporudi, baba alikuwa amekaa sakafuni. Trei ilikuwa mbali, kana kwamba aliitupa. Alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima yule, na daktari alikuwa ameniwekea mkono begani.

"Tumemwona," daktari alisema. "Wala si pepo."

Alitandaza karatasi miguuni pangu. Hapa umetulia, alinionyesha, na mistari ilikuwa kama maji ya beseni. Hapa kelele peke yake: mistari ilishtuka, kisha ikatulia tena kwa mazoea. Hapa hesabu peke yake: viwimbi vidogo vya mtu aliye kazini. Na hapa vyote viwili. Nilitazama. Mwanzoni viwimbi vilibanana, vikawa vikali, kisha kalamu zote kwa pamoja ziliruka juu na kushuka, juu na kushuka, vilele vyeusi vilivyofika mwisho wa karatasi. Huyo ndiye aliyekuwa akikaa mahali pangu mimi nikiwa sipo.

"Ubongo wa kila mtu," daktari alieleza, "ukifikiri penye kelele hufanya kazi mbili. Unafikiri, na pia unasimama mlangoni kuzizuia kelele zisiingie. Wengi huchoka tu, wakaumwa kichwa. Wako ukibanwa na kazi zote mbili kwa pamoja, umeme wake unafumuka."

"Ni kifafa?" niliuliza. Sikuwahi kulitamka neno hilo kuhusu mimi.

"Ni aina yake mojawapo, na si ya kawaida. Haiambukizi. Mate yako ni mate tu."

Baba hakusikia vizuri. "Anasemaje?" akauliza. Nikamsogelea nikampazia sauti sikioni: "Anasema mate yangu ni mate tu!" Akaitikia kwa kichwa kana kwamba hiyo ndiyo hukumu aliyoingojea.

Nilipewa vidonge vya kumeza kila siku, vilivyonifanya niwe mzito kama nguo iliyolowa. Daktari alinishauri niache hati mkato, nikaiacha. Niliumia, kwa sababu nilikuwa na mkono mwepesi. Kupiga taipu kwa kunakili kulibaki, maana vidole vilishika kazi bila kuhitaji kichwa, na mkuu wa chuo alikubali nifanyie mtihani katika chumba cha peke yangu. Rafiki yangu wa Kaloleni ndiye aliyenibebea mashine hadi humo.

Nyumbani, jioni ile ile tuliyorudi, baba aliipunguza redio hadi mimi mwenyewe sikuisikia. Kuanzia hapo aliisikiliza taarifa ya habari ameinama, sikio limebandikwa kwenye kitambaa cha spika. Mama aliwaambia majirani kwamba redio imeharibika. Kwa dada alisema ukweli, na dada hakuniachia mtoto tena kwa muda mrefu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiweka mikono nyuma kila mara mtoto yule aliponikaribia.

Vidonge vilizuia mengi, lakini havikuizuia hofu. Nilipata kazi katika ofisi ndogo ya mawakili, chumba cha nyuma, taipu mbili tu. Kila asubuhi niliwahi kufika ili niisikilize ofisi kwanza. Mtu akiniuliza jambo barabarani, nilijifanya sijasikia. Nilipita Barabara ya Jogoo bila kufikiri chochote, kwa makusudi, kichwa nimekifagia, na hiyo nayo ni kazi ngumu. Nilikuwa mwanamke kijana anayeogopa fikira zake mwenyewe, na aliyezungukwa na mji usionyamaza.

Miaka ikapita, tukaingia miaka ya themanini. Alitokea mwanamume, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mkoa wa Kati. Kabla hajaenda kwa wazazi wangu nilimketisha nikamweleza yote, na yule mama wa mkono uliokauka pia. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akiinuka. Alikaa.

"Kwa hiyo nikitaka kukuuliza jambo la maana," akasema, "nizime redio kwanza?"

"Ndiyo."

"Basi, mimi sina redio."

Tulihamia Njiru, wakati kule kulikuwa na machimbo ya mawe, mahindi na nyumba za kuhesabika. Wiki za kwanza sikuweza kulala kwa sababu ya kimya. Nilimwamsha mume wangu nikimwuliza kama kuna kitu kimetokea. Nilijifunza kukaa nacho polepole, kama unavyomzoea mgeni asiyezungumza. Humo ndimo nilimozaa, na humo ndimo nilimosoma kitabu kizima kwa mara ya kwanza tangu nilipoacha chuo.

Kisha mtu akafungua kinu cha kusaga unga karibu na njia yetu. Siku ya kwanza kilipowashwa nilikuwa uani, na mlio ule ulinifikia tumboni. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikikitazama kidole changu hadi kilipozimwa. Lakini unga ulihitajika. Siku moja nilikwenda na debe langu la mahindi, nikasimama kwenye foleni, kichwa nimekifagia. Mama mmoja mgeni akanijia, ana mtoto mgongoni, akaniinamia sikioni akaniuliza njia ya kwenda zahanati, na kama apite machimboni au azunguke.

Kidole kilikuwa kimetulia. Bado niliogopa.

Nikamshika mkono, nikamwonyesha kinu kwa ishara, nikampazia sauti: "Ngoja kizimwe, mama. Kikizimwa nitakueleza vizuri."

Hakuniuliza kwa nini. Alimteremsha mtoto mgongoni, akakaa juu ya jiwe, akamnyonyesha huku akingoja.